Pumzi ya Mwenzangu

Mwenzangu alikuwa na pumu tangu utotoni, na watu waliousifia mtindo wake wa kuchana mistari walikuwa wanausifia ugonjwa bila kujua. Wachanaji wengi tunavuta pumzi mwisho wa mstari, pale kina kinapotua. Yeye pumzi ilimwishia popote, hata katikati ya neno, basi alijifunza kukata hapo hapo, anavuta, anaendelea kana kwamba alikusudia. Ukisikiliza kwa makini, kila pumzi yake ilikuwa na kamluzi kembamba mwishoni. Mtangazaji mmoja aliwahi kusema hewani kwamba huyu dada anauchezea mdundo kwa jeuri. Siku hiyo tulikuwa tumekaa barazani kwao Mtoni, yeye na kidude chake cha kupuliza mdomoni, mie nampepea kwa kifuniko cha ndoo. Alicheka mpaka ikabidi nimwombe anyamaze.

Tulijuana sekondari, Temeke, kidato cha pili. Baba yangu alikuwa karani kwenye yadi ya makontena Kurasini, mtu wa bara, Mlutheri, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati hata siku za sikukuu. Kwao yeye walikuwa Waislamu wenyeji wa Mtoni, wa tangu enzi za mababu, na mama yake alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule. Tulikaa dawati moja kwa sababu sote wawili tulichelewa kuripoti. Mie nilikuwa naandika mistari nyuma ya daftari la jiografia, yeye akaisoma bila kuomba ruhusa, akaniambia, "Hii mizuri, lakini huna wa kukuitikia." Kuanzia hapo akawa ananiitikia.

Baba alilikuta daftari langu nikiwa kidato cha nne. Nilijua nitachapwa. Alikaa nalo siku mbili, akanirudishia, amesahihisha kwa wino mwekundu. Kila penye "nilikuwaga" ameandika "nilikuwa".

Tulichana pamoja miaka tisa. Sitaki kuifanya ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa. Tulipanda majukwaa ya shule, ya baa za Temeke na Kinondoni, ya uzinduzi wa maduka ya simu. Mwenye baa mmoja alitutazama kuanzia miguuni akasema wanawake waimbe, kuchana wawaachie wanaume, kisha akatupa dakika tano kati ya singeli na singeli ili tuaibike. Hatukuaibika. Tulikuwa na nyimbo tatu zilizopigwa redioni, moja ikapigwa sana. Kuna msimu wasichana wa Mbagala walikuwa wanasuka nywele mtindo wa mwenzangu.

Sauti yake nilijifunza kwa ajili ya dharura. Tukiwa jukwaani moshi ukazidi, au vumbi, kifua kinambana. Tulikubaliana: akinyanyua mkono wa kushoto hadi begani, mie nageuka kidogo kama nawatazama watu wa pembeni, naendelea na mistari yake kwa sauti yake, yeye anachezesha midomo mpaka apate hewa. Nililifanyia mazoezi jambo hilo chumbani kwetu mwaka mzima. Ilibidi nijifunze kuvuta pumzi pale anapovuta yeye, maana bila hivyo sauti haikai. Kitu pekee nilichoshindwa kilikuwa ule mluzi. Jukwaani haukuwa na umuhimu, kelele zilikuwa nyingi.

Alifariki asubuhi, wakiwa njiani kumpeleka hospitali. Nilipofika Mtoni walikuwa wameshamwosha. Walimzika siku ile ile kabla ya alasiri. Nilikaa ndani na wanawake, nimejitanda kanga ya kuazima, nikasikia wanaume wanainua jeneza na sauti zao zinakwenda mbali polepole mpaka nikawa nasikia cherehani ya jirani tu. Mama yake alinishika mkono muda wote huo. Hakulia. Alikuwa ananibinya vidole kimoja kimoja, kama anahakikisha vyote vipo.

Tulikuwa katikati ya wimbo. Ulikuwa wimbo wa chumba cha kupanga, mwanamke anaongea na watu wanaomgongea mlango: mwenye nyumba, jirani, mchumba wa zamani. Ubeti wa kwanza alikuwa amesharekodi yeye. Kiitikio tulirekodi sote. Ubeti wa tatu ulikuwa wangu, nao ulikuwa tayari. Ubeti wa pili ulikuwa wake, na kwenye simu yake palikuwa na mistari miwili tu.

Prodyuza wetu alikuwa na studio nyuma ya soko la Mabibo, chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani. Ukifungua mlango inaingia harufu ya mananasi yaliyoiva kupita kiasi. Wiki tatu baada ya msiba alinipigia. Nilipofika alikuwa amekaa mbele ya kompyuta bila kuwasha chochote.

"Sista, mie sina cha kukwambia," alisema. "Ila wimbo una tundu katikati. Kila nikiufungua naliona hilo tundu."

"Acha ubaki na beti mbili."

"Nimejaribu. Unaonekana umekatwa." Akanigeukia. "Wewe unaweza sauti yake. Nimekuwa nakusikia jukwaani. Nyie mlidhani sijui."

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa, na jibu la kweli ni kwamba nilitaka kumsikia. Nilikaa kwenye ngazi za nje na ile mistari miwili, nikaandika iliyobaki, mchana mmoja, huku wapagazi wakipita na matenga ya nyanya. Mstari wa mwisho niliandika: kesho msinigongee, mlango nimeufunga kwa ndani. Niliuandika hivyo kwa sababu alikuwa amekufa. Sikuwa na sababu nyingine.

Kisha nikaingia, nikavaa hedifoni, prodyuza akaanzisha biti kutoka kwenye ubeti wa kwanza ili nipate mwendo. Nikamsikia mwenzangu masikioni, karibu kabisa, akivuta pumzi. Ubeti ukaisha, kiitikio kikapita, nikaingia mie.

Tulirekodi mara mbili tu. Alipourudisha wimbo wote tuusikilize hakuna aliyemtazama mwenzake. Mwenzangu alikuwa pale. Ameingia ubeti wa kwanza na ameendelea na wa pili, kama aliyekwenda kunywa maji akarudi. Prodyuza alinyoosha mkono akazima spika kabla ubeti wangu haujaanza.

"Hii tusimwambie mtu," alisema.

Tuliutoa baada ya arobaini. Mama yake mwenzangu nilimwomba ruhusa, akasema, "Mie mambo yenu siyajui, mwanangu. Kama alishauimba, fanyeni." Sikumwambia kuhusu ubeti wa pili.

Wimbo ulikwenda kuliko nyimbo zetu zote. Nilikuwa napishana nao kila mahali, kwenye maduka, kwenye bodaboda, kwenye dirisha la ghorofani Keko ambapo mtu alikuwa anaurudia rudia ubeti wa pili peke yake. Watu waliupenda huo kuliko wa kwanza. Walisema alijua. Nilialikwa redioni, mtangazaji akapiga ule mstari wa mlango, akausimamisha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, hapa alikuwa anatuaga, au vipi?"

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie ukweli. Nilisema, "Sijui alikuwa anawaza nini." Huo haukuwa uongo kamili, na ndiyo maana uliniuma zaidi.

Wanafunzi wa hosteli za Mabibo wakaandaa kumbukizi, Jumamosi saa kumi jioni, jua bado kali. Walinipa jukwaa. Mpango ulikuwa nichane ubeti wangu, na zikifika zake DJ aachie sauti yake kwenye spika, mie nisimame tu na maiki chini. Ubeti wa kwanza ulipopita walishangilia. Ulipoanza wa pili wakanyamaza. Uwanja mzima wa vijana, kimya, baadhi wanalia, na sauti yangu inatoka kwenye spika mbili kubwa mgongoni kwangu huku mdomo wangu umefungwa. Nilihisi kama unavyomhisi mtu aliyesimama nyuma yako kabla hajakugusa. Nilitaka kugeuka. Katikati ya ubeti, pale mwenzangu angevuta pumzi, nilijikuta nimevuta, na hewa haikuingia.

Walinishusha wakinishika mabega wakidhani ni majonzi. Toka siku hiyo kifua kikawa kinanibana, si kila siku, ila kila wimbo ule unapopigwa karibu yangu. Nilikwenda zahanati Tandika. Daktari akanipima, akanipulizisha kwenye mrija, akaangalia, akasema mapafu yako mazima, dada, una mawazo. Nikamuuliza kama pumu inaambukiza. Alinitazama kwanza kuona kama namtania.

Sauti yangu nayo ikaanza kunichanganya. Nilijaribu kurekodi wimbo wangu mwenyewe, wa kwanza nikiwa peke yangu. Kila nilipousikiliza nilikuwa nakata mahali pasipokatwa. Prodyuza alinirudisha mara saba. Mwishoni alisema, "Tupumzike mwezi hivi," akawa haniangalii machoni, na mwezi ukawa miezi mitano. Nikapata kazi ya kuandika risiti kwenye stoo ya vitunguu pale sokoni, na nilishukuru kuwa na kazi ya kunyamaza.

Mama yake mwenzangu alinipigia siku moja asubuhi, akasema niende Mtoni nikipata nafasi. Nilikwenda siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu uingie, nje kuna jua."

Alikuwa amezungukwa na sketi za bluu za shule, msimu wa kufungua. Aliondoa rundo kwenye kiti nikae. Alinipa maji, akaulizia wazazi wangu, akaulizia kifua changu, maana alikuwa amesikia. Kisha akazima cherehani kwenye swichi ya ukutani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya mgeni.

"Mjomba wake alikuja," alisema. Huyo mjomba alikuwa anasomesha madrasa. Nilimjua, mtu mpole, hakuwahi kutusema vibaya tulipokuwa tukipita na masuruali yetu mapana. "Hakuja kwa ubaya. Amesema mtu akifa amali zake zinakatika, ila kuna zinazobaki zinatembea. Ukiacha kisima, watu wakinywa, unaandikiwa thawabu. Ukiacha wimbo..." Hakumalizia. "Anasema kila ukipigwa, anaandikiwa dhambi. Kule aliko. Na unapigwa sana, mwanangu. Hata hapa dirishani unapita."

Kwetu tulikuwa tunaimba kanisani na magitaa na ngoma, hakuna aliyewahi kuniambia wimbo unaandikwa mahali.

"Nataka unijibu jambo moja," alisema. "Usiniogope. Ubeti wa kwanza ni mwanangu. Akivuta pumzi kuna mluzi mwishoni, nimeusikia miaka ishirini na saba, nilikuwa nalala nao chumba cha pili nikihesabu. Ule wa pili mluzi haupo. Ule ni yeye?"

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa na vumbi la vitunguu kwenye kucha.

"Si yeye, mama. Ni mie."

"Na maneno?"

"Mistari miwili yake. Mingine nimeandika mie. Alikuwa ameshafariki."

Nilisubiri aninyanyukie. Alifumba macho, midomo ikatikisika kidogo, nikajua anasoma kitu. Alipoyafumbua uso ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi huo si wake."

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nimekuja na aibu ya miezi nikidhani nimeiba sauti ya mtoto wake, kumbe yeye alikuwa anaomba niwe nimeiba. Halafu akaniuliza, polepole, kama anayeulizia bei ya kitu asichokuwa na uhakika kinauzwa.

"Na ule wa kwanza, unaweza kuusema vile vile? Kama yeye?"

"Kuurekodi upya?"

"Uuseme wewe wote. Na hicho mnachokiimba pamoja, sehemu yake uiseme wewe. Wimbo ubaki, watu waupende, sina ugomvi nao. Ila sauti isiwe yake."

"Watu watasikia tofauti, mama."

"Hawakusikia tofauti kwenye wa pili."

Nje watoto walikuwa wanapita kutoka shule. Aliangalia sketi moja aliyokuwa nayo mapajani, akaikunja. "Sikulazimishi. Nyie kwenu haiandikwi?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuambiwa."

"Basi labda wewe inakupita. Na kama inaandikwa, utakuwa unaijua ni yako, na uko hai, una muda wa kutubia. Yeye hana."

Nimeyafikiria sana maneno hayo toka siku ile. Wakati ule niliyaona sawa kabisa. Nilimwambia nitafanya.

Prodyuza alidhani tumechanganyikiwa. Tulibishana nusu saa kwenye ngazi zake. Lakini mama yake mwenzangu alikuja mwenyewe, amevaa baibui, ameshika tasbihi, akampa salamu, akamwita mwanangu, na hapo ubishi ukaisha. Tulimtafutia kiti cha plastiki tukakiweka karibu na mlango. Alikuwa hajawahi kuingia studio. Aliyaangalia magodoro ukutani akauliza kama kuna mtu anaumwa.

Tulifanya mchana, soko likiwa limepoa. Prodyuza aliniwekea ubeti wa kwanza sikio moja nimfuatishe, mstari kwa mstari. Mara ya kwanza haikufaa, nilikuwa nyuma yake. Mara ya pili niliingia sawa naye. Kufikia mstari wa nne sikuwa najua tena ni sikio lipi lina sauti yake na lipi lina yangu. Kifua kikabana kama pale hosteli. Sikusimama. Nilivuta alipovuta, katikati ya neno, na mwishoni mwa pumzi, ndani ya koo langu mwenyewe, nikausikia mluzi.

Sikuufanya. Nilikuwa nimeujaribu miaka na kushindwa, na siku ile sikuwa najaribu. Ulikuja pumzi ile na ya pili na zote zilizofuata mpaka ubeti ukaisha. Nilimwona prodyuza ameondoa mikono kwenye mashine ameiweka kichwani.

Alizima. Akaomba nirudie kiitikio, nikarudia. Akaomba nirudie na ubeti wa pili, maana sasa wa kwanza ulikuwa na kitu ambacho wa pili haukuwa nacho. Nikarudia na wenyewe. Kisha akatuchezea wote, kwenye spika, mwanzo hadi mwisho.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, tasbihi imesimama kwenye vidole. Ulipoisha aliinua kichwa.

"Hii ni ile mpya?" aliuliza.

"Ni mpya, mama," prodyuza alimjibu. "Ndiyo tumeirekodi sasa hivi, wewe umekaa hapo."

"Sasa ifute ile ya zamani."

"Mama, tunaweza tu kuiweka pembeni, isitoke."

"Ifute niione."

Alisogeza kiti mpaka mbele ya kompyuta. Prodyuza akamwonyesha: hii hapa ni sauti yake, mistari hii ya kijani, ubeti wa kwanza, hiki kiitikio. Yeye akaweka kidole kwenye kioo, akakipitisha juu ya ile mistari kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Kisha akatoa kidole. Prodyuza akabonyeza, akabonyeza tena mahali pengine, akafungua diski ya akiba, akafuta na huko.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Na zilizo kwenye simu za watu?"

"Hizo siwezi kuzirudisha, mama."

Alifikiri. "Zitakwisha. Watu wanabadilisha simu."

Prodyuza aliuondoa wimbo wa awali mitandaoni akaweka huu, akaandika tu kwamba ubora wa sauti umeongezwa, na redio akazipelekea huu. Hakuna aliyeuliza. Kuna shabiki mmoja aliandika kwamba sasa unamsikia marehemu vizuri zaidi.

Tulimsindikiza mama kutafuta bajaji. Nilitembea hatua kama mia hivi kabla sijagundua kwamba napumua. Kifua kilikuwa kimefunguka, na toka siku hiyo hakijanibana tena, hata wimbo ukipigwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Na ile sauti imeondoka. Nimejaribu, nyumbani, mlango nimefunga, nimejaribu mistari yake yote ninayoikumbuka, jambo ambalo nilikuwa nalifanya bila kufikiri tangu nina miaka kumi na tisa. Inatoka yangu, nzito kidogo, inayovuta pumzi mwisho wa mstari.

Kwa sauti hiyo nimetoa nyimbo tano. Hazijavuma sana lakini zinanipa maonyesho, na nimeacha kazi ya stoo, nimehamia Madale, mlimani, ambako maji yanakuja mara mbili kwa wiki na usiku kuna baridi ya kujifunika. Nikihojiwa hawakosi kupiga ule wimbo wa mlango. Mwaka jana mtangazaji mmoja, kijana, mwenye heshima zake, aliupiga wote kisha akaniambia, "Sista, tuseme ukweli, wewe ni mkali, lakini yule mwenzako ulikuwa humfikii." Nilimwambia ni kweli. Baba yangu, ambaye husikiliza mahojiano yangu yote na hutafuta makosa ya sarufi, alinipigia baadaye akasema siku hiyo sikukosea hata neno.

Mtoni nakwenda kila baada ya wiki mbili, Jumapili nikitoka ibadani. Mama yake hataki wimbo wowote ndani ya nyumba, ila siku moja aliniuliza kama kwenye simu yangu kuna mwanaye akiongea tu. "Kuongea si kuimba," alisema. Ninazo meseji zake za sauti, mamia, za miaka minne ya mwisho, nimezihamisha kutoka simu hadi simu. Ananung'unikia fundi wa nywele. Ananiambia nipitie sukari nusu kilo. Anauliza show ni saa ngapi na kama pana choo. Mama anakaa na sindano yake na mie naziweka moja baada ya nyingine, na akifika mahali mwanaye amecheka naye anatabasamu kabla ya kicheko, kama anajua kinakuja.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye za mwaka wa kwanza kabisa. Niliweka moja fupi. Mwenzangu anasema yuko kwa bibi yake, nisimsubiri, atakuja kesho. Anavuta pumzi, ule mluzi, meseji inaisha.

"Hiyo si yeye," mama alisema. "Hiyo ni wewe."

Nilidhani ametania. Nikamwambia imetoka kwenye namba yake, na mie bibi yangu yuko bara, nisingesema maneno hayo. Nikairudia. Nikairudia tena simu nimeiweka sikioni.

"Mama, ina mluzi."

"Nimeusikia."

Aliuma uzi kwa meno akaukata, akaligeuza shati alilokuwa analishona. Niliiangalia tarehe ya ile meseji. Ilikuwa karibu miaka minne kabla hajafa, wakati ambao mluzi nilikuwa siuwezi hata kidogo, na sikujua tena ile siku studio tulifuta sauti ya nani. Nilitaka kumbishia, nikamtazama usoni, hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ameshatunga uzi mwingine kwenye sindano.

"Weka inayofuata," alisema, "adhana haiko mbali."

Nikaweka. Ilikuwa ya yule fundi wa nywele, ndefu, amekasirika kweli kweli, na hiyo mama aliicheka tangu mwanzo.